Chupa, mto na kigingi: Glastonbury inavyouza muziki kwenye malisho ya ng'ombe

Kigingi cha hema ni kipande cha chuma chenye urefu wa shibiri hivi. Ukikipigilia vizuri kinashika hema usiku kucha hata upepo uvume. Asubuhi ya Jumatatu, baada ya siku tano za muziki, matope na usingizi wa mang'amung'amu, mwenye hema anavuta turubai. Vigingi vitatu vinatoka, cha nne kinagoma, naye anakiacha na kuondoka. Nyasi zinaota juu yake. Wiki chache baadaye ng'ombe wanarudishwa kula pale, na ng'ombe hachambui majani kama mbuzi: anazungusha ulimi, anakata kifungu kizima na kumeza. Chuma kikiingia kinatua kwenye tumbo la pili, kinatoboa ukuta wake, na kikisogea mbele kidogo kinaweza kuufikia moyo. Anachokiona mfugaji ni kwamba ng'ombe ameacha kula, amesimama kakunja mgongo, na maziwa yamekata.

Kwa ajili ya kigingi hicho nimechagua tamasha la Glastonbury, huko Uingereza, kuliko matamasha mengine makubwa ambayo ningeweza kuyachambua. Siku hizi kila tamasha la wazi lina bango la kijani. Karibu kila mwandaaji anasema anaipenda dunia, na wengi nadhani wanaipenda kweli. Lakini penzi hilo linapimwa kwa kuuliza limemgharimu nani, na kiasi gani. Pale Glastonbury mwenye jukwaa na mwenye ng'ombe ni familia moja. Mapato ya muziki na hasara ya malisho yanaandikwa kwenye daftari moja, na ndiyo maana kisa hiki kinaonyesha mambo ambayo kwingine hufichika nyuma ya mikataba.

Shamba lenye deni

Shamba lenyewe linaitwa Worthy Farm, liko kijiji cha Pilton, mkoa wa Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza. Michael Eavis alilirithi mwaka 1954, baba yake alipofariki, akiwa kijana wa miaka 19. Lilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa lenye deni, na limebaki la ng'ombe wa maziwa hadi leo. Mwaka 1970 Eavis alikwenda kutazama tamasha la blues lililofanyika jirani, akatoka pale na wazo la kuandaa la kwake. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo akafungua lango: kiingilio pauni 1, maziwa ya shambani bure, watu wapatao 1,500. Alitarajia kupunguza deni. Hakupunguza kitu.

Nasisitiza hili la deni kwa sababu kuna hadithi inayopendwa sana, kwamba Glastonbury ilizaliwa safi kisha biashara ikaja kuichafua. Pesa zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni zilikoelekezwa. Kuanzia mwaka 1981 tamasha lilianza kuchangia CND, kampeni ya Waingereza ya kupinga silaha za nyuklia. Vita baridi vilipokwisha, nafasi hiyo ikachukuliwa na Greenpeace, Oxfam na WaterAid, shirika ambalo Watanzania wengi tunalifahamu kwa miradi ya maji vijijini. Mashirika haya hayaji kubandika nembo tu. Oxfam huleta wajitoleaji wa kuongoza watu mageti na njiani, kila mmoja akifanya zamu tatu za saa nane, na tamasha hulilipa shirika kwa kazi hiyo. Mjitoleaji anapata kuingia, shirika linapata pesa za miradi, mwandaaji anapata watu wa kazi. Ni biashara, na ni biashara ninayoiheshimu, maana kila upande unajua unatoa nini.

Kisha ikaja shida ya mwaka 2000. Tiketi zilizouzwa zilikuwa takriban 100,000, lakini walioingia walikadiriwa kufika 250,000, wengi wao kwa kuruka uzio. Mwaka 2001 tamasha halikufanyika. Liliporudi mwaka 2002 lilikuwa limezungushiwa uzio mrefu wa chuma, na kampuni kubwa ya maonyesho ilikuwa imeingizwa kusaidia uendeshaji. Walalamikaji walikuwa wengi. Walisema roho ya Glastonbury imeuzwa, kwamba mahali pa uhuru pamegeuzwa gereza la wenye tiketi.

Naelewa uchungu wao, lakini siungani nao. Huwezi kupanga vyoo vya watu ambao idadi yao huijui. Huwezi kuchimba mashimo ya kutosha, wala kuleta magari ya kunyonya majitaka ya kutosha, wala kuweka mapipa na mabomba, kama nusu ya waliomo ndani hawamo kwenye hesabu. Uzio ule uliolaaniwa kama alama ya biashara ndio ulioifanya hifadhi ya ardhi iwezekane hata kidogo. Mtu aliyewahi kupanga harusi ya kijijini, kadi 300 wakaja watu 700, ananielewa bila maelezo.

Chupa milioni moja

Mwaka 2017 zilitumika pale zaidi ya chupa milioni 1 za plastiki. Ukigawa kwa watu laki mbili, ni karibu chupa tano kwa kila mtu, na kwa siku tano za kiangazi hizo wala si nyingi. Mwaka 2018 shamba lilipumzishwa. Februari 2019 waandaaji wakatangaza kwamba hakuna kinywaji kitakachouzwa tena kwenye chupa za plastiki za kutumia mara moja ndani ya tamasha. Marufuku iligusa vibanda na baa, na iligusa pia nyuma ya majukwaa, jikoni za wafanyakazi na vyumba vya kuvalia vya wasanii. Msanii mkubwa duniani akitaka maji, anapewa kama wengine.

Angalia ilivyopangwa. Marufuku haikumwangukia anayekuja na chupa yake kutoka nyumbani. Huyo aliruhusiwa, bali alihimizwa aje nayo na ajaze kwenye mabomba, ambayo yalikuwa mamia, yamesambazwa shamba zima, mengine yakihudumiwa na watu wa WaterAid. Aliyefungiwa mlango ni muuzaji. Na muuzaji mkuu, kwa kweli, ni tamasha lenyewe, maana ndilo linalokodisha nafasi na kupanga nani auze nini.

Tufanye hesabu ya kukisia tu: kama faida ya kila chupa ingekuwa nusu pauni, chupa milioni moja ni nusu milioni ya pauni iliyoachwa mezani. Sehemu yake ilirudi kwa mlango mwingine, kwa sababu maji ya makopo yaliuzwa, na soda na bia zikahamia kwenye makopo na vikombe. Wapo waliosema basi hakuna kilichobadilika, plastiki imegeuka aluminiamu. Hoja hiyo ina uzito wake, kwani kufua aluminiamu kunakula umeme mwingi sana. Ila kopo lina soko. Linayeyushwa likawa kopo tena, mara nyingi tu, wakati chupa ya plastiki iliyokanyagwa kwenye tope inaishia shimoni au mtoni. Na aliye na chupa yake mkononi hakuhitaji kununua kimojawapo. Hapo ndipo penye uzito: kiu ya mtu iliacha kuwa mtaji.

Jumapili ya tarehe 30 Juni 2019, David Attenborough, mtangazaji mkongwe wa vipindi vya wanyama na bahari, akiwa na miaka 93, alipanda Jukwaa la Piramidi, jukwaa kuu la tamasha, na kuwashukuru watu kwa chupa zaidi ya milioni moja ambazo hawakuzinywea. Umati ulishangilia kama wanavyoshangilia wimbo.

Mwezi huo huo wa Juni 2019, tarehe mosi, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kenya ilitangulia Agosti 2017, na Zanzibar miaka mingi kabla yao. Nakumbuka wiki ile Kariakoo: rambo zimetoweka, watu wanabeba nyanya kwenye kanga, vijana wanauza vikapu kwa bei ya juu kuliko nyanya zenyewe. Marufuku yetu ilifanya kazi na naiunga mkono mpaka leo. Lakini iligusa mfuko, ikaiacha chupa. Chupa ina kiwanda, ina lori, ina bango la tamasha.

Sitasahau foleni ya tamasha moja la ufukweni, Dar es Salaam, ambalo sitalitaja. Mlangoni kijana wa ulinzi alikuwa akipokea chupa za maji za watu, anafungua, anamwaga mchangani, anatupa plastiki kwenye pipa lililokwisha kufurika. Mbele yangu alikuwepo mama na mtoto wa miaka minne hivi mgongoni.

"Mwanangu, haya maji ya mtoto."

"Samahani mama, mimi nimeagizwa tu."

Akaimwaga. Ndani, maji ya kampuni ile ile, chupa ya ukubwa ule ule, yaliuzwa mara tatu ya bei ya dukani, na bomba halikuwepo hata moja. Kijana hakuwa na kosa. Agizo lilitoka kwa mtu aliyekokotoa kwamba kiu ya watu elfu kadhaa kwenye joto la Februari ni mapato ya uhakika. Uwanja ule asubuhi yake ulikuwa umetandikwa plastiki mpaka kwenye povu la maji. Waliousafisha ni waokota chupa, wakina mama wengi wao, wanaouza kwa kilo. Hawakulipwa na mwandaaji hata senti.

Marekani walilionja jambo hilo kwa ubaya zaidi. Julai 1999, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Rome, jimbo la New York, lilifanyika tamasha la kuadhimisha miaka 30 ya Woodstock, tamasha mashuhuri la mwaka 1969. Watu zaidi ya laki mbili walikaa kwenye lami na zege, jua likipiga karibu nyuzi 38, chupa ya maji ikiuzwa dola 4. Vyoo vilifurika. Usiku wa mwisho mioto iliwashwa, na vibanda vya biashara vikavunjwa na kuporwa. Sababu za vurugu zile zilikuwa nyingi na nzito, ukiwemo unyanyasaji wa wanawake ambao hauna kisingizio chochote. Lakini bei ya maji ilikuwa mdomoni mwa wengi waliohojiwa. Umaskini wa mipango na uchafuzi wa mahali vilitoka tumbo moja: mwandaaji aliyewaona waliokuja kama mifuko yenye miguu.

Mto ulisema vingine

Nisingependa msomaji aondoke akidhani Glastonbury ni paradiso. Kando ya shamba unapita mto mdogo uitwao Whitelake, na mto ndiyo shahidi asiyevutwa na wimbo.

Mwaka 2014, tamasha likiendelea, tangi la kuhifadhia majitaka ya vyooni lilivuja na uchafu ukaingia Whitelake. Samaki zaidi ya 40 walikufa. Mamlaka ya Mazingira ya Uingereza ikafungua kesi, na mwaka 2016 mahakama iliamuru tamasha lilipe faini ya pauni 12,000 na gharama za pauni 19,000, jumla pauni 31,000. Tiketi mwaka ule iliuzwa pauni 228. Maana yake adhabu nzima ni thamani ya tiketi zisizofika 140, kwa tamasha linalouza tiketi zaidi ya laki moja. Nimeirudia hesabu hiyo mara kadhaa na kila mara inanisikitisha. Waandaaji walikiri kosa na wakajenga miundombinu mipya ya majitaka, na hilo nalihesabu kwao. Ila kama sheria ingekuwa ndiyo kinga pekee ya samaki wale, ilikuwa inawalinda kwa bei nafuu mno.

Kisha mkojo. Mtu mmoja akijisaidia nyuma ya ua, ardhi inamsamehe. Watu elfu themanini wakifanya hivyo usiku mmoja kwa sababu foleni ya choo ni ndefu na wimbo umeanza, amonia inachujika hadi mtoni na kuua viumbe. Kwa miaka mingi tamasha limekuwa likiwasihi watu wasikojoe ardhini, kwa mabango, kwa wajitoleaji waliovaa mavazi ya kuchekesha. Limejenga mamia ya vyoo vya mboji, na mikojoleo ya wanawake ili foleni zao zipungue. Limewaeleza pia kwamba Mamlaka ya Mazingira hupima maji na ina uwezo wa kulifunga.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor walichukua sampuli za Whitelake kabla, wakati na baada ya tamasha la 2019, mto ukiwa haujafika shambani na ukiwa umeshalipita. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mto kulipita shamba walikuta kokeini na MDMA, dawa za kulevya, ambazo hupita mwilini na kutoka na mkojo. MDMA ilipanda mara nne wiki iliyofuata tamasha. Kokeini ilifikia kiwango ambacho kinajulikana kuwadhuru mikunga wa Ulaya, samaki warefu kama nyoka, ambao wako hatarini kabisa kutoweka duniani. Kwenye kijito kingine cha jirani kisichopita shambani hawakukuta ongezeko hilo.

Huu ni mwaka ule ule wa makofi kwa Attenborough. Watu wale wale walioachana na chupa milioni moja waliusababishia mto jambo hilo, na sidhani walikuwa wanafiki. Chupa iliondolewa kaunta, basi hapakuwa na cha kuchagua. Mkojo uliachwa kwenye hiari ya mtu mwenye haraka, gizani, akiwa amelewa. Hiari ya namna hiyo haibebi mto. Niliposoma utafiti ule nilielewa kwa nini kampeni nyingi za usafi kwenye matamasha ya kwetu hazizai matunda: zinamwomba shabiki afanye kitu ambacho mpangilio wa mahali unamzuia. Choo kimoja kwa watu mia tatu, halafu bango la "Tunza mazingira".

Mahema na barabara

Kuhusu mahema nitasema kwa ufupi. Umoja wa matamasha huru wa Uingereza ulikadiria mwaka 2019 kwamba mahema 250,000 hutelekezwa kila mwaka kwenye matamasha ya nchi ile, na kwamba hema moja lina plastiki ya kutosha kutengeneza mirija 8,750. Sababu ni ya kibiashara moja kwa moja. Maduka makubwa huuza mahema ya bei chee kama kitu cha tamasha, na mnunuzi anayapokea kama sahani ya karatasi. Wengine hujifariji kwamba litapewa wenye shida, wakati mengi yanaishia dampo. Glastonbury mwaka ule ilitangaza kwamba asilimia 99.3 ya mahema yalirudi nyumbani na wenyewe. Hiyo ni hesabu ya waandaaji wenyewe, lakini picha za uwanja zilionyesha tofauti ya wazi na miaka ya nyuma. Wito wao, "Lipende shamba, usiache alama", una nguvu ambayo wito wa kiwanja cha mji hauna, kwa sababu shamba lipo, ng'ombe wapo, na kila mtu ameambiwa habari za kigingi. Mwaka 2008 waligawa hata vigingi vinavyooza, vilivyotengenezwa kwa wanga wa viazi. Baada ya kila tamasha vikosi vya waokota taka, wengi wao wakifanya kazi kwa malipo ya tiketi, hupita shamba kwa wiki kadhaa, na sumaku hukokotwa juu ya nyasi kukusanya vyuma.

Usafiri ni mgumu zaidi. Ripoti ya sekta ya matamasha ya Uingereza ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba safari za mashabiki ndizo zinazoleta takriban asilimia 80 ya hewa ya ukaa ya tamasha. Taa, spika na majiko ni kitu kidogo mbele ya foleni ya magari. Hapa Glastonbury ina mbinu moja ninayoipenda: tiketi zinazoambatana na basi huuzwa kwanza, Alhamisi jioni, na za kawaida siku tatu baadaye, Jumapili asubuhi. Kwa kuwa za kawaida huisha chini ya saa moja, mtu mwenye hamu ya kweli anajikuta anapanda basi. Hawakumhubiria. Walitumia uhaba wa bidhaa yao, jambo la kibiashara kabisa, kumtoa kwenye gari lake. Hata hivyo maelfu kwa maelfu bado huja na magari, na viwanja vya kuegesha vinakula mashamba ya majirani.

Umeme nautaja kwa kupita. Paa la banda la ng'ombe la Worthy Farm lina paneli za jua zaidi ya 1,000 tangu mwaka 2010, na mwaka 2023 tamasha lilitangaza kwamba limeendeshwa bila dizeli ya kawaida, kwa jua, upepo, betri na mafuta yaliyotengenezwa kwa taka za mafuta ya kupikia. Ni kazi nzuri, na ni rahisi kuinunua ukiwa na pesa.

Biashara ilihamia langoni

Na pesa wanazo. Hili ndilo jambo ambalo wanaoisifu Glastonbury huliruka. Majukwaa yake hayana majina ya benki wala bia, na ukitembea mle ndani macho yako yanapumzika kwa namna ambayo kwenye matamasha mengine haiwezekani. Kampuni ya simu ipo, mwaka 2023 iliingia Vodafone, na runinga ya BBC ipo, lakini zimewekwa pembeni. Mapato makubwa yanatoka kwenye tiketi: pauni 1 mwaka 1970, pauni 87 mwaka 2000, pauni 248 mwaka 2019, na pauni 373 na senti 50 mwaka 2025, bila ada ya kukata tiketi. Nje ya uzio kuna kambi za kifahari ambako hema la siku tano linagharimu maelfu ya pauni.

Kwa hiyo biashara haikufukuzwa shambani. Ilihamia langoni. Tamasha linaweza kumkatalia muuza chupa kwa sababu limeshalipwa kabla mtu hajaona kiu. Anayelipa gharama ya usafi ule ni mwenye tiketi, na asiyeweza kulipa anautazama kwenye runinga. Sioni aibu kusema kwamba bado naona ni afadhali. Bei iliyotajwa wazi miezi minane kabla, inayoweza kulipwa kwa awamu, ni ya haki kuliko bei iliyofichwa kwenye koo la mtoto mlangoni. Lakini tusiseme ni maadili matupu. Ni maadili yaliyopata mlipaji.

Ukiipeleka kanuni hiyo Afrika Mashariki inagonga mwamba mara moja. Sauti za Busara, inayofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, ni moja ya matamasha yanayoheshimika zaidi barani, na mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Tamasha kama hilo likiweka kiingilio cha kufidia kila kitu, Wazanzibari wenyewe watabaki barazani wakisikiliza kwa mbali. Ndiyo maana waandaaji wetu wengi wanaishi kwa mdhamini, na mdhamini mara nyingi ni kampuni ya vinywaji au ya simu, na kampuni ya vinywaji imeleta chupa. Simlaumu mwandaaji anayehangaika kulipa wapiga ngoma. Ninachomwomba ni kipengele kimoja kwenye mkataba: matangi ya maji ya kunywa yawepo uwanjani, mtu aingie na chupa yake, na waokota chupa walipwe siku kama mafundi wa jukwaa. Mdhamini atakayekataa hayo matatu atakuwa amejieleza.

Mwaka wa nyasi

Kuna uamuzi mmoja wa Glastonbury ambao ni ghali kuliko yote, na hauna bango wala jukwaa. Kila baada ya miaka michache tamasha halifanyiki. Shamba lilipumzishwa mwaka 2006, likapumzishwa 2018, na mwaka 2026 nao ukapangwa kuwa wa mapumziko. Udongo ulioshindiliwa na miguu ya watu laki mbili unahitaji muda wa kupumua tena. Minyoo irudi, maji yaweze kuzama badala ya kutuama, mizizi ya nyasi ishuke. Ng'ombe, ambao wakati wa tamasha hufungiwa bandani, wanapata kiangazi kizima nje.

Mauzo ya mwaka mzima yanaachwa, na tiketi zile zingeuzwa ndani ya saa moja, hilo kila mtu analijua. Mkulima yeyote wa Mbozi au Kitale anaijua hesabu ya kuliacha konde bila jembe, na anajua jirani atakavyomcheka. Fremu ya chuma ya Jukwaa la Piramidi haing'olewi. Inabaki imesimama peke yake katikati ya bonde, haina kitambaa wala taa, na ng'ombe wanakula wakiizunguka, ulimi mmoja baada ya mwingine, pale ambapo mwaka uliotangulia watu walisimama bega kwa bega.